Joto la Prosesa Kupita Kiasi

Joto la prosesa kupita kiasi ni hali ambayo prosesa ya kompyuta huzalisha joto kwa kasi kuliko kipozeo chake kinavyoweza kuliondoa. Prosesa nyingi za nyumbani huwekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi, na ikizidi, mashine hujizima.

Katika Jiji la Arusha, lililo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari chini ya Mlima Meru, ni rahisi kudhani kuwa baridi ya mji inatosha. Baridi husaidia kweli, ila haipenyi kwenye mapezi ya kipozeo yaliyoziba. Vumbi laini la udongo wa volkeno, hasa wakati wa kiangazi, hujishika kati ya feni na mapezi likawa utando mzito, na chumba chenye nyuzi 18 kisifae kitu. Wapo wanaolaumu hewa nyepesi ya mwinuko. Kwa joto lilelile, hewa hiyo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Lakini prosesa inayopanda nyuzi 40 juu ya joto la chumba pwani, Arusha itaongeza nyuzi chache tu, huku chumba chenyewe mara nyingi kikiwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo tiba huanza na brashi na blowa, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Kisha pasti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa hufutwa kwa spiriti na kupakwa mpya. Kuongeza feni kabla ya hapo huvuta vumbi zaidi.