Jinsi, Jinsia na Mtu: Maelezo Mafupi ya Historia ya Msamiati

Mfasiri anayejaribu kuiweka katika Kiswahili sheria ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 2015, inayohusu haki za mwanamke na usawa, hukabiliwa mara moja na tatizo la msamiati. Kifaransa kina maneno mawili, «sexe» na «genre». Kiswahili cha kila siku huyajibu yote mawili kwa neno moja, jinsia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo halitokani na umaskini wa lugha yetu, bali na jinsi tulivyoyapokea maneno bila kuyapambanua.

Tuanze na asili. Jinsi limetoka katika Kiarabu, jins, yaani aina ya vitu au ya watu; nalo Kiarabu kililipata kutoka Kiyunani, genos. «Genre» la Kifaransa limepitia Kilatini, genus, neno la ukoo uleule. Basi neno letu na la Wafaransa ni ndugu waliofika kwa njia mbili. Kiswahili kimeitunza maana ya kale: twasema «jinsi alivyokuja», wala hatufikirii mume wala mke.

Kabla ya neno hilo kupokewa, lugha ilikuwa na mashina yake ya Kibantu, -ume na -ke. Mashina haya hayakutaja mwili peke yake. Mume ni mwenye ndoa, na pia ni kiumbe asiye jike. Mkono wa kuume ni ule wa kulia. Kuumeni ni upande wa baba. Tena, kiambishi ki- kinaleta maana ya namna: mwanamume ni mtu, bali kiume ni mwenendo. Anayekufa kiume amekufa kwa ushujaa, na hakuna anayeuliza habari za maumbile yake. Kwa hiyo tofauti kati ya mwili na mwenendo, ambayo wengi huidhani kuwa mzigo uliotoka Ulaya, ilikuwamo katika sarufi yetu tangu zamani.

Huko Marekani tofauti hiyo ilipewa jina mwaka 1955, pale mwanasaikolojia John Money, aliyechunguza watu waliozaliwa na maumbile yasiyo dhahiri, alipoliazima neno la wanasarufi ili kutaja nafasi ambayo mtu huishika kama mwanamume au mwanamke. Miaka ya 1970 wanawake wasomi walilipanua, na mkutano wa Beijing wa mwaka 1995 ukalieneza katika ofisi za serikali. Nchini Tanzania, takwimu za sensa ya mwaka 2012 zilichapishwa «kwa umri na jinsi», huku jinsia likitumiwa na wengi kwa mahusiano ya kijamii. Hapa kwetu, «genre» limeingia hata katika jina la wizara, na katika mazungumzo mara nyingi huchukuliwa kana kwamba maana yake ni wanawake tu.

Mchanganyiko huu una hasara gani? Hasara yake humwangukia mtu asiyeenea katika maneno yaliyozoeleka. Wanasheria wa Kiislamu walimtambua huntha, mwenye maumbile ya pande mbili, wakajadili urithi wake. Hanithi ni neno jingine: hutaja mwanamume asiye na nguvu za kiume, na mara nyingi hutolewa kama tusi. Shoga, ambalo kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa kike, limegeuzwa kuwa jina la mwanamume anayependa wanaume. La kwanza lahusu mwili, la pili uwezo, la tatu mapenzi. Hakuna hata moja linalomtaja mtu ambaye utambulisho wake wa kijinsia haupatani na jinsi aliyoandikiwa alipozaliwa. Mtu huyo huitwa kwa majina yote matatu, na yote humkosea. Hata msemo «aliyebadili jinsia» hautoshi, kwani wengine hawakubadili chochote katika miili yao. Wanadai tu kutambuliwa.

Kwamba jambo hili si mchezo wa maneno, mifano ya Kenya yathibitisha. Mwezi Oktoba 2014, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya mume wala mke. Bila cheti hicho, elimu yake haikumfaa kitu mbele ya mwajiri. Mwaka 2019 sensa ya nchi hiyo iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana watu 1,524. Hizo ni haja mbili tofauti, moja ya utambulisho, nyingine ya mwili. Anayeziita kwa jina moja hawezi kuitimiza hata moja.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba jinsi litumike kwa mwili, jinsia kwa nafasi ambayo jamii humpa mtu, na utambulisho wa kijinsia kwa namna mtu anavyojijua mwenyewe. Pendekezo hili halidai kigeni chochote. Kiswahili, kinyume cha Kifaransa, humtaja mtu kwa «yeye» bila kumuuliza kwanza kama ni mume au mke. Sarufi imekwisha kumpokea. Msamiati wetu ndio uliobaki nyuma.