IMANI INAYOONEKANA: ANICETI NA ANNA WA KAGUNGULI, NA KATIBA YETU

  

Kwa kuwa kikundi chetu kimetimiza miaka kumi, kamati ilituomba tuandike historia fupi. Habari za hisa na mikopo mtazikuta katika taarifa ya mweka hazina. Sisi tumeona tuandike jambo ambalo halimo kwenye madaftari, nalo ni jinsi imani inavyoonekana, au inavyokosa kuonekana, tunapokutana mwaloni, sokoni na nyumbani kwa majirani.

Injili ilifika pwani hii ya ziwa siku nyingi. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifika Kageye mwanzoni mwa mwaka 1877. Mwezi Desemba mwaka huo huo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe baada ya kuingia katika ugomvi wa Omukama Lukonge na mfanyabiashara Songoro, ugomvi uliohusu jahazi. Mapadre Weupe nao walijenga misheni Bukumbi mwaka 1883. Kwa hiyo mwanzo ulikuwa mgumu, na haikutosha mtu kusema tu kwamba ameleta habari njema. Watu walimtazama anavyoishi.

Mwaka 1896 alizaliwa Ukerewe mtoto wa ukoo wa watawala, Aniceti Kitereza, mjukuu wa Omukama Machunda. Alisoma shule ya misheni Kagunguli, akabatizwa, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, huko Uhaya. Alikaa huko miaka kumi akijifunza dini na lugha, Kilatini na Kijerumani zikiwemo. Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura.

Sasa hapo ndipo lilipo jambo letu. Watoto waliowapata walifariki wakiwa wadogo, nyumba ikabaki bila mtoto. Kila mama anayesoma hapa anajua kinachofuata: mawifi wanaanza maneno, shangazi anakuja na ushauri, mwanamume anaambiwa aoe mwingine. Kwa desturi ya wakati ule hakuna ambaye angemlaumu Aniceti, tena mtu wa ukoo wa enzi. Hakuoa mwingine. Alibaki na Anna mpaka uzeeni, katika dhiki na maradhi. Si kila jirani alijua mambo aliyosoma Rubya, lakini kila mmoja aliweza kuona ni nani yuko nyumbani mwake.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto, katika Ukerewe ya kabla ya wakoloni. Ndugu za mume wanamtukana mke hata wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anailipa. Baadaye wanajaliwa watoto wawili. Kitabu hicho kilikosa mchapishaji kwa miaka mingi. Mzee mwenyewe alikitafsiri kwa Kiswahili, kikachapishwa na Tanzania Publishing House, lakini alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu ya lililotupata wenyewe, na ni afadhali tuliseme.

Katiba yetu inasema mwanachama akijifungua, mfuko wa jamii unatoa fedha ya hongera, nasi wengine tunachanga doti ya kanga, sukari na sabuni. Ni kifungu kizuri na kimetuunganisha. Lakini tunaye mwenzetu, ambaye ametukubalia tuandike bila jina, ambaye hakujaliwa mtoto. Miaka kumi amechanga kila mara, amepika uji, amebeba kuni, amefua nguo za wazazi. Yeye hakupokea hata mara moja. Wala hakulalamika, na sisi hatukuliona.

Siku moja tulikuwa tunabishana kuhusu mkopo uliochelewa. Mmoja wetu akamrukia, eti, "Wewe hela unazing'ang'ania za nini, na huna hata wa kumsomesha?" Jamani, mkeka mzima ulinyamaza. Walikuwapo wazee wa kanisa, wanakwaya, na sisi tunaoandika hapa. Tuliinamia madaftari kana kwamba tunahesabu. Baada ya kikao mwenzetu mmoja Mwislamu alituambia, bila hasira, "Nyie akina mama, kila Jumamosi mnaanza na wimbo wa upendo. Leo wimbo ulikwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata yule mama alikuja na hisa zake kama kawaida, akakaa mahali pake. Hapo ndipo tulipoona aibu yetu. Tulikwenda nyumbani kwake, aliyesema pamoja na sisi tulionyamaza, tukaomba radhi. Mumewe alitukaribisha chai. Huyo mume naye ameambiwa mengi na ndugu zake miaka yote hii, na bado yuko na mkewe.

Tangu hapo tunajiuliza: jirani asiyeingia kanisani anasoma nini kwetu? Hasomi Biblia zetu. Anaona tunavyodai deni, tunavyopima dagaa, tunavyomtetea au kumwacha mwenzetu anapotukanwa.

Basi hatuna budi kuanzia kwenye katiba. Katika mkutano mkuu tutapendekeza kifungu cha hongera kibadilishwe, ili kila mwanachama aliyetimiza miaka mitano apewe hongera yake, awe amezaa au hajazaa. Wapo wanaosema mfuko ni mdogo, na hoja yao ni ya kweli. Huenda kila hongera ikapungua kidogo. Sisi tunaona heri kanga moja kwa kila mama kuliko doti nzima kwa baadhi na mikono mitupu kwa mwingine.

Akina mama, tufike wote siku hiyo, tupige kura. Mungu atubariki, na aibariki miaka kumi ijayo.