Unene wa Usukani

Waingereza walijenga baiskeli zao kwa inchi, na ndiyo maana sukani nyingi hadi leo zina unene wa milimita 25.4 pale katikati zinapobanwa. Wafaransa, waliopitisha sheria ya mita mwaka 1795, hawakutaka kusikia habari za inchi. Wao wakapenda 25 kamili. Waitalia wakafuata 26. Na humo humo Italia, Cino Cinelli, aliyeshinda mbio za Milano–Sanremo mwaka 1943 kisha akafungua kiwanda chake, alishika 26.4, kipimo kilichodumu katika kiwanda hicho hadi miaka ya 1990. Ubishi wa milimita moja na nusu tu, msomaji!

Sisi huku hatukuusikia. Raleigh ya breki za vyuma, na Phoenix ya Wachina iliyoiga umbo lake, usukani na shingo vilikuja vimeunganishwa kiwandani. Hapakuwa na la kuchagua. Ubishi ule ulitufikia ndani ya mitumba.

Jirani yangu mmoja, kijana wa kubeba mkaa, aliletewa usukani wa 25.4 naye ana shingo ya 26. Fundi akataka kuziba nafasi kwa kipande cha kopo la maziwa. Mimi nilipinga. Hesabu ni nyepesi: pengo ni sehemu sita za kumi za milimita, lakini bati la kopo ni laini, likisagika, bolti inabaki imekaza hewa. Usukani ukizunguka mteremkoni, kijana na gunia lake watasimamishwa na nini? Tulizunguka sokoni siku mbili hadi tukapata shingo ya 25.4. Fundi alininunia, na bado ananinunia kidogo.

Siku hizi kipimo kinachotawala ni 31.8, yaani inchi moja na robo, na baiskeli za milimani zimefika 35. Sababu yake ni ya kweli: kwa bomba la ukuta uleule, kutoka 25.4 hadi 31.8 ugumu wa kutopinda unakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa mwenda mashindano ni faida. Kwa mbeba mkaa, naona 25.4 ya chuma inatosha kabisa, maana ikiharibika, nyingine ipo kwa fundi yeyote barabarani.