Rimoti katika kazi ya kuosha vioo: inachorahisisha na isichoweza kukiona

Kuosha vioo vya majengo ni miongoni mwa vibarua ambavyo kijana kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale anaweza kuvianza mjini Mbarara akiwa na mtaji mdogo. Hata hivyo, ni kazi ambayo kuteleza mara moja tu juu ya ngazi kunaweza kukatisha riziki ya familia nzima. Vifaa vinavyoendeshwa kwa rimoti humwezesha msafishaji kufanya kazi akiwa amesimama ardhini, lakini vina masharti yake.

Mambo muhimu

- Rimoti huwasha na kuzima pampu ya maji kutoka mbali, hivyo huokoa maji na mwendo.
- Maji yasiyochujwa vizuri huacha madoa, hata kifaa kiwe cha bei gani.
- Mpini wa nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Nyaya za barabarani ni hatari kuu.
- Sheria ya Uganda humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga.

Kutoka kwenye ngazi hadi ardhini

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakazi wake wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, ndiyo soko kubwa la kazi lililo jirani. Humo kuna mabenki, hoteli, hospitali, chuo kikuu na maduka yenye vioo vinavyoshika vumbi katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari.

Badala ya ngazi, wasafishaji wa kitaalamu katika nchi nyingi hutumia mpini mrefu unaorefushwa kipande kwa kipande, wenye brashi nchini mwake iliyounganishwa na mpira wa maji. Pampu ndogo ya betri ya volti 12 husukuma maji kutoka kwenye tangi hadi kwenye brashi. Msafishaji husugua kioo, hukisuuza, kisha hukiacha kikauke chenyewe. Kwa njia hii, madirisha ya ghorofa ya pili au ya tatu hufikiwa bila mtu kupanda.

Rimoti inafanya kazi gani?

Pampu huwa na kisanduku kinachopanga kasi ya maji na kuilinda betri isiishe kabisa. Kipokezi cha rimoti huunganishwa na kisanduku hicho. Rimoti yenyewe ni ndogo kama ile ya kufungulia gari, na huvaliwa shingoni au hufungwa kwenye mpini. Kitufe kimoja huwasha maji, kingine huyazima. Baadhi huongeza au kupunguza kasi.

Faida yake huonekana kwa hesabu nyepesi. Tuseme brashi hutoa lita 2 kwa dakika, na msafishaji hutumia nusu dakika kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine. Katika jengo lenye madirisha 40, maji yakiachwa yatiririke, karibu lita 40 hupotea bila kuosha chochote: karibu jerikeni mbili za lita 20. Kwa mtu anayenunua maji kwa jerikeni, hiyo ni sehemu ya ujira wake. Na kama tangi liko mita 60 kutoka ukutani, kila safari ya kwenda kuzima pampu na kurudi ni mita 120.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi la rimoti hupimwa mahali pa wazi. Kuta za zege lenye nondo na mabati hudhoofisha mawimbi, kwa hiyo ni busara kuijaribu rimoti kwenye kona ya mbali zaidi ya jengo kabla ya kuanza.

Maji kwanza, rimoti baadaye

Maji ya bomba mjini Mbarara kwa muda mrefu yamekuwa yakitolewa Mto Rwizi, na ya Nakivale hutoka ziwani. Hata yakiwa salama kunywewa, hubeba madini. Maji yanapokauka juu ya kioo, madini hubaki yakiwa madoa meupe.

Kwa sababu hiyo, maji hupitishwa kwenye chujio la mchanga na tope, kisha la mkaa linaloondoa klorini, kisha kwenye utando mwembamba unaozuia madini, na mwisho kwenye chembe maalumu zinazonasa madini yaliyosalia. Kipimo kidogo cha mkononi huonyesha kiasi cha madini yaliyobaki. Wataalamu hulenga chini ya sehemu 10 kwa milioni. Utando huo hutupa sehemu ya maji yanayoingia. Maji hayo yakusanywe kwa ajili ya kufulia au kuoshea sakafu.

Rimoti haioni waya

Hatari kubwa ya njia hii haiko juu ya ngazi tena. Iko kwenye nyaya za umeme zinazopita mbele ya majengo. Mipini myepesi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme. Hata mpini wa aina nyingine, ukilowa, hauaminiki. Kabla ya kurefusha mpini, msafishaji hutazama juu na kuzunguka jengo lote. Palipo na waya karibu, kazi haifanywi mpaka shirika la umeme limeukata umeme.

Wakiwa wawili, mmoja hushika mpini na mwingine hulinda njia ili mpita njia asijikwae kwenye mpira. Anayeshika mpini ndiye anayeshika rimoti. Katika kikundi chenye wanaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole, ni muhimu kukubaliana neno moja la kusimamisha kazi, ambalo kila mmoja atalitii bila kuuliza sababu.

Roboti zinazotambaa juu ya kioo

Zipo pia roboti ndogo zinazoshikilia kioo kwa kufyonza hewa na kuongozwa kwa rimoti. Nyingi hutegemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, betri ya akiba huishikilia roboti kwa muda mfupi tu, ndiyo maana kamba ya usalama hufungwa mahali imara kabla ya kuiwasha. Kioo chenye tope nzito huifanya iteleze, hivyo hufutwa kwanza.

Haki za mfanyakazi

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humtambua mkimbizi nchini Uganda kuwa na haki ya kutafuta ajira na kutembea nchini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya mwaka 2006, humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na ipo sheria ya fidia kwa anayeumia akiwa kazini. Mfanyakazi ana sababu ya kukataa kupanda mahali pasipo na mkanda wa usalama.

Kabla ya kununua

Rimoti nyingi zinazofaa eneo hili hutumia mawimbi ya megahezi 433. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutumia 315 au 915, na la mwisho liko jirani na mawimbi ya simu za mkononi. Vifaa vya mawasiliano nchini husimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Anayeanza na fedha kidogo hana haja ya kununua vyote kwa mpigo. Mpangilio wa busara ni mpini na chujio kwanza, pampu baadaye, na rimoti mwisho. Pampu bila rimoti bado huosha kioo. Rimoti yenye maji machafu huleta madoa, na mteja aliyeona madoa hamwiti tena msafishaji yule.