Rafu Iliyobebwa na Kitabu cha Kiada: Historia ya Kufungwa kwa Maduka ya Vitabu ya Mitaani nchini Kenya

Kufungwa kwa maduka madogo ya vitabu katika miji ya Kenya kumezoeleka kuelezwa kwa sababu mbili: kwamba watu hawasomi, na kwamba simu imechukua nafasi ya kitabu. Sababu zote mbili zina chembe ya ukweli. Hata hivyo, hazielezi kwa nini maduka yaliyostahimili malalamiko hayo kwa miaka mingi yalianza kufungwa au kubadili biashara hasa baada ya mwaka 2018. Jibu limo katika historia ya ununuzi wa vitabu vya shule, na historia hiyo inakihusu Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Duka la vitabu la mtaani halikuwahi kuwa duka la fasihi. Kwa kawaida lilikuwa chumba kimoja karibu na soko au kituo cha matatu, kilichouza vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, na pembeni kikawa na rafu moja au mbili za riwaya, tamthilia, diwani na kamusi. Mapato yake makubwa yalipatikana katika majuma machache ya kufungua shule mwezi Januari. Riwaya ya Kiswahili iliyokaa rafuni miezi minane bila mnunuzi iliweza kukaa hapo kwa sababu kitabu cha hisabati cha darasa la sita kilikuwa kimekwisha kuilipia kodi ya chumba.

Katika miaka ya 1970 duka hilo lilikuwa na nafasi finyu, kwani serikali ilinunua vitabu vya shule za msingi na kuvisambaza yenyewe. Mambo yalibadilika katika muongo uliofuata. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Wakati huohuo, sera ya kugawana gharama iliwatwika wazazi ununuzi wa vitabu. Mzazi aliyepewa orodha na shule hakwenda wizarani, alikwenda dukani. Mzigo huo uliwaumiza wengi na haufai kupambwa, lakini ndio uliolijenga duka la mtaani. Sera ya vitabu vya shule za msingi ya mwaka 1998 ilimpa muuza vitabu nafasi rasmi kati ya mchapishaji na shule, na elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, fedha zilipelekwa katika akaunti za shule ili zichague vitabu katika orodha iliyoidhinishwa na kuvinunua madukani.

Humo ndimo msomaji wa Kiswahili alimopatikana. Mwanafunzi aliyetumwa kununua Kidagaa Kimemwozea, ilipokuwa riwaya teule, aliweza kuiona jirani yake Siku Njema ya mwandishi yuleyule, Ken Walibora, na kuifungua bila kuamriwa na mtihani. Hakuna mtaala uliopanga tukio hilo. Lilitokana na rafu.

Pigo la kwanza lilikuwa Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013, iliyotoza vitabu asilimia 16. Pigo kubwa lilikuja mapema mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuwaagiza wavifikishe shuleni. Hoja za wizara hazikuwa za kubuni: fedha zilikuwa zikipotea, baadhi ya walimu wakuu na wauza vitabu walishirikiana katika udanganyifu, na wanafunzi waligawana kitabu kimoja wawili au watatu. Zabuni kubwa ilishusha bei, na lengo la kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi likakaribiwa. Anayeandika historia hii bila kukiri hayo anawatetea wafanyabiashara tu. Lakini wizi ulioadhibiwa ulikuwa wa baadhi, na adhabu ikawa ya wote. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wauza vitabu wengi walikuwa tayari wamepoteza Januari yao.

Wachuuzi wa kando ya barabara jijini Nairobi, ambao mnunuzi huinama kuchagua vitabu vyao vilivyotandazwa chini, wameziba sehemu ya pengo. Ila bidhaa yao kuu ni vitabu vilivyokwisha kutumika, ambavyo havimpi mwandishi mrabaha wala mchapishaji sababu ya kuchapisha riwaya mpya. Tanzania nayo, katika muongo wa 2010, iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, na huko pia duka binafsi likapoteza bidhaa iliyolibeba.

Kosa la sera hizi ni kukihesabu kitabu cha kiada peke yake, kana kwamba hakikuwa kikibeba kingine. Ununuzi wa pamoja ungeweza kubaki kwa vitabu vya kiada, huku shule ikiachiwa sehemu ndogo ya fungu lake kununua vitabu vya ziada kwa muuza vitabu aliyesajiliwa katika kaunti yake, kwa stakabadhi zinazokaguliwa. Kwa sasa, mengi ya maduka yaliyosalia yanaishi kwa sare za shule, fotokopi na huduma za kutuma pesa, na rafu ya riwaya imepewa madaftari.