Kabla Ununue Programu ya Kudifragi, Fungua CPU Uone Diski Gani Iko Ndani

Wiki jana kijana mmoja wa hapa Kapseret aliniletea CPU yake kwa boda. Ameanza kushuti na kuediti, amepata kazi ya koito upande wa Ngeria na malipo ya kwanza ashayala. Mashine ni ex-UK, aliinunua mjini, na sasa Premiere inakwama kila sekunde tatu. Alikuwa na swali moja tu: "Broo, nidanlodi programu gani ya kudifragi? Kuna moja wanauza elfu tatu na kitu, ingine ni ya kukraki."

Nikamwambia aweke mashine chini anywe chai kwanza. Hilo swali limetuzidi umri sisi wote wawili, na jibu lake linategemea historia ambayo hatukufundishwa.

Mwaka wa 1956 IBM walitoa kompyuta inaitwa 305 RAMAC. Diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Hiyo ni karibu saizi ya wimbo mmoja wa MP3, manze, kwa kitu kikubwa kama friji mbili. Lakini kanuni ilikuwa ile ile iliyo kwa diski ngumu yako leo: sahani inazunguka, na kichwa cha kusoma kinatembea kutafuta data ilipo.

Halafu 1977, Marc McDonald wa Microsoft, akiwa na Bill Gates, akaunda mpango wa kupanga faili unaoitwa FAT. Uliundwa kwa ajili ya flopi, sio diski kubwa, na baadaye MS-DOS ikaurithi. Shida yake iko hivi. Chukua matatu ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet. Inajaa, watu wanashuka mmoja mmoja njiani, viti vinabaki wazi huku na kule. Ikifika hapa Kapseret inapanda familia ya watu sita. Hakuna viti sita vya pamoja, kwa hivyo baba anakaa mbele, mtoto nyuma, nyanya katikati. Konda akitaka kuhesabu hiyo familia lazima atembee gari nzima. Faili ikikatwakatwa kwa diski ndiyo hiyo familia. Kudifragi ni kuwaambia abiria wote wasonge mpaka familia ikae pamoja.

Hapo watu wakaona pesa. Kampuni ya Executive Software ilianza kuuza Diskeeper mwaka wa 1986, kwa zile kompyuta kubwa za VAX. Peter Norton naye alikuwa na Speed Disk ndani ya Norton Utilities. Symantec wakanunua kampuni ya Norton 1990, na MS-DOS 6 ilipotoka 1993 ilikuja na DEFRAG ambayo Microsoft walikuwa wamepewa leseni na Symantec. Windows 2000 ikaja na toleo dogo la Diskeeper, na hiyo ikazua kesha kule Ujerumani: mwanzilishi wa Executive Software ni mfuasi wa Scientology, na maafisa wa serikali hawakutaka programu ya mtu huyo ikishika kila faili kwa kompyuta zao. Ikabidi Microsoft waeleze jinsi ya kuitoa. Mimi hiyo sehemu hunichekesha, lakini hofu yao ilikuwa na msingi. Programu ya kudifragi inagusa kila kitu ulicho nacho. Kumbuka hilo kabla ya kukraki.

Sasa video. Hapa ndipo kudifragi kulikuwa lazima kabisa, na hesabu ni rahisi. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inachukua milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja. Ukiongeza muda wa kichwa kuhama, kila mruko unakula kama milisekunde 13. Video ya fremu 25 kwa sekunde inakupa milisekunde 40 kwa kila fremu. Miruko mitatu na muda umeisha. Fremu inadondoka.

Enzi za MiniDV mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu ulitoa video kwa mkanda kupitia FireWire huku mkanda unacheza. Megabaiti 3.6 kila sekunde, karibu gigabaiti 13 kwa saa. Mkanda haukungoji. Diski ikizubaa kidogo, umepoteza fremu na unarudisha mkanda nyuma uanze tena. Hizi ndizo mashine za wakati filamu za Riverwood pale River Road na Bongo Movie za Tanzania zilikuwa zinauzwa kwa VCD na DVD. Mtu wa kuediti wakati huo akikwambia "difragi kwanza kabla ya kazi," hakuwa anapiga domo.

Ushauri huo ulikuja kwetu pamoja na mashine zenyewe. Kenya ilijaa kompyuta zilizotumika kwanza kwa ofisi za Ulaya. Computers for Schools Kenya ilianza 2002 kupelekea shule mashine kama hizo, na bila hizo wengi wetu hatungeshika kibodi mapema. Silabasi nayo ikaandikwa ikifuata hizo mashine. Kama ulifanya Computer Studies ya 8-4-4 unakumbuka: kuformati, kuskani, kudifragi, mwalimu anasubiri uandike faida zake. Kwa mtihani ilikuwa jibu sahihi. Kwa mashine ya labu pia.

Halafu SSD ikaingia, na haina sahani wala kichwa. Kufikia kipande kimoja ni sehemu ndogo tu ya milisekunde, hata kiwe wapi. Tena, chipu inayoisimamia hupanga data mahali inapotaka yenyewe, kwa hivyo ule mpangilio ambao programu inakuonyesha sio mpangilio wa kweli ndani ya diski. Kudifragi SSD ni kuandika upya gigabaiti nyingi bila faida ya maana, na SSD ina kikomo cha kuandikwa. Windows 7 ya 2009 ilizima ratiba ya kudifragi ikigundua SSD. Windows 8 ya 2012 ikabadilisha hata jina la kifaa, ikakiita Optimize Drives, na kwa SSD kazi yake kubwa ni kutuma amri ya TRIM, yaani kuiambia diski vipande gani havitumiki tena.

Na kwa diski ngumu ya sahani? Tangu Vista, Windows inadifragi yenyewe kila wiki bila kukuomba. Vista pia iliondoa ile picha ya vijisanduku vya rangi vikihama, na watu walilalamika sana. Mimi naamini hapo ndipo siri ya biashara ilikuwa. Watu walipenda kuona vijisanduku vikisonga, na programu nyingi za kulipia hadi leo zinakuuzia hivyo vijisanduku. Ukitaka kuvitazama, Defraggler ni ya bure.

Kile ambacho hakuna programu inakwambia kwa herufi kubwa ni kwamba kudifragi kunachosha diski. Inasoma na kuandika kila kona kwa masaa. Diski nzima itavumilia. Diski mgonjwa inaweza kufa hapo hapo.

Najua kwa sababu nilifanya. Nilikuwa na video ya mazishi ya kogo wa rafiki yangu, nakala moja tu, kwa diski iliyokuwa inapiga kelele tik tik. Fundi mmoja mjini akaniambia ni mpangilio tu, akanipa programu ya kukraki kwa flashi. Nikaiacha usiku. Asubuhi Windows haikuona diski kabisa. Hiyo familia haikuwa na video ingine yoyote ya huyo mama akiagwa. Nilirudisha pesa. Rafiki yangu hatuongei vile tulikuwa tunaongea. Fundi alinipa programu, lakini kubonyeza Start ni mimi, na kukosa nakala ya pili ni mimi pia.

Kwa hivyo kijana alipomaliza chai tulifungua CPU. Ndani: diski ngumu ya gigabaiti 500, na ilikuwa imebaki na gigabaiti 11 pekee. Windows, miradi, koito, sinema, vyote hapo. Ikiwa imejaa hivyo, hata difragi ya Windows haina nafasi ya kupangia. Nikaweka CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, ikatuonyesha neno la manjano: Caution. Sekta zilishaanza kuoza.

Hatukudifragi kitu. Tulichomeka diski ya nje na kunakili koito kwanza, folda moja moja, huku naangalia taa nikiomba stima isipotee. Ilichukua karibu saa nne. Zile elfu tatu na kitu za programu akaongeza kidogo, akanunua SSD ya gigabaiti 256 ya kuweka Windows na mradi anaofanya. Akipata pesa ya kazi hii atanunua diski ngumu mpya ya kuhifadhi. Hiyo nimemwambia asiijaze zaidi ya asilimia 80, na ikianza kuvutavuta ahamishe kila kitu nje, aiformati, arudishe. Faili zitajipanga zenyewe kwa mstari, na wakati huo atakuwa na nakala ya pili.

Ile diski ya zamani nimeiweka kwa droo, karibu na ile yangu ya tik tik. Kijana anaediti sasa. Koito inatoka Ijumaa.