Silinda Ipi, na kwa Nini?

Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3000 kwa dakika huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli mara 100 kila sekunde. Silinda moja ikianza kumisi, robo ya kazi hiyo hupotea. Gari hutetemeka likiwa limesimama, hukosa nguvu mlimani na hunywa mafuta kuliko kawaida. Dereva yeyote huligundua tatizo hilo upesi. Kazi huanza pale fundi anapotakiwa kujibu maswali mawili: ni silinda ipi, na kwa nini. Wengi huyachukulia kama swali moja, ilhali historia ya ufundi wa magari inayatenganisha kabisa. Kwa zaidi ya miaka 100, vyombo vya kupimia vimeendelea mno katika kulijibu swali la kwanza. Swali la pili limebaki kuwa kazi ya akili na mpangilio, na gharama kubwa katika gereji zetu hutokana na kudhani kwamba jibu la kwanza limekwisha kuleta la pili.

Ushahidi wa zamani unaoeleweka vizuri zaidi ni Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita idadi ya milioni 15. Kila silinda ilikuwa na koili yake ndani ya kisanduku cha mbao, na kila koili ilikuwa na ulimi wa chuma uliotetema ili kuzalisha cheche. Injini ilipomisi, mwenye gari alielekezwa kuongeza mafuta kidogo, kisha kubana kwa vidole ndimi mbili za pembeni zisitetemeke. Silinda ya kwanza na ya nne zikazimika. Kama mbili za katikati zilifanya kazi bila kukosa, tatizo lilikuwa katika zile zilizobanwa. Kama hazikuwa sawa, lilikuwa katika hizo za katikati. Mbano mwingine mmoja au miwili, na silinda yenye kasoro ikajulikana. Baada ya hapo koili yake ilihamishiwa silinda nyingine. Misi ikihama nayo, koili ni mbovu. Ikibaki palepale, plagi, waya au vali ndivyo vya kuchunguzwa. Hapakuwa na geji wala taa, na bado mantiki yote ya kazi hii ilikuwa imekamilika: tenga, hamisha kitu kimoja, angalia kama kasoro imehama.

Mfumo wa kuzalisha cheche uliokuja kutawala baadaye ulitokana na Charles Kettering na kampuni yake ya Delco, na Cadillac ndiyo iliyoutumia mapema, katika magari ya mwaka 1910. Betri na koili moja vilihudumia silinda zote, platini zikakata na kuunganisha umeme, na distribyuta ikagawa cheche kwa zamu. Mfumo huo ulikuwa rahisi na wa bei nafuu, ukadumu kwa takriban miaka 60. Lakini ulibadilisha sura ya tatizo. Platini zikichakaa au kondensa ikifa, silinda zote huteseka kwa sababu zinachangia kifaa kimoja. Waya wa plagi moja ukikatika, ni silinda moja tu inayoumia. Kwa hiyo fundi aliyejua kazi alisikiliza kwanza: je, pigo linalokosekana ni lilelile kila mzunguko, au linatangatanga? Swali hilo peke yake liliondoa nusu ya vifaa vya kushukiwa kabla ya spana kuguswa.

Afrika Mashariki iliupokea ufundi huu kupitia Land Rover na Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na sifa hiyo haikutokana na mwendo tu. Ilitokana pia na kustahimili vumbi na maji, maadui wawili wakubwa wa distribyuta. Ufa mwembamba kwenye kifuniko chake, usioonekana kwa urahisi mchana, ukipata unyevu hupitisha umeme pasipotakiwa, na gari humisi asubuhi ya mvua halafu likapona jua likichomoza. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kuchomoa waya mmoja mmoja wa plagi injini ikiwa inaunguruma: silinda nzima ikizimwa mlio hubadilika, mbovu ikizimwa hakuna kinachobadilika. Kisha yakafuata mambo matatu, moto, mafuta na kompresheni, na hapa ndipo wengi walipojikwaa. Plagi ikilazwa juu ya injini na kutoa cheche nzuri hewani haijathibitisha chochote cha maana. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo volti kubwa zaidi inavyohitajika ili cheche iruke. Koili dhaifu hupita mtihani wa hewani na kufeli mlimani, dereva anapokanyaga mafuta na hewa nyingi kuingia. Anayeiondolea koili hiyo lawama kwa sababu ameona cheche ataitafuta misi wiki nzima kwenye kabureta isiyo na kosa.

Kuna tabia nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ina mzizi wa kihistoria: kukimbilia plagi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya utafiti kwa General Motors, aligundua kwamba kiambata cha risasi kinazuia injini kugonga. Petroli ya risasi ikaenea duniani kote. Risasi hiyo, mbali na kuwa sumu kwa watu, iliacha mabaki ndani ya silinda na juu ya plagi, ikabidi kemikali nyingine ziongezwe kwenye mafuta ili kuyatoa kwa njia ya moshi. Hata hivyo plagi ziliendelea kuchafuka, na katika mazingira hayo fundi aliyeanza na plagi alikuwa na hoja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Sababu ikapungua, mazoea yakabaki. Plagi bado huchakaa na pengo lake bado hupanuka, kwa hiyo kuifungua ni sawa. Kosa ni kuitupa kabla ya kuisoma. Nyeusi yenye masizi makavu inazungumzia petroli nyingi au moto hafifu. Yenye mafuta ya injini inaelekeza kwenye ringi au sili za vali. Plagi mpya hufunika dalili hizo kwa siku chache tu.

Mapinduzi makubwa yalitoka California. Kanuni za jimbo hilo zililazimisha magari yajichunguze yenyewe kuanzia 1988, na kufikia magari ya mwaka 1996 Marekani yote ilikuwa na mfumo mmoja wa kusoma hitilafu. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kompyuta hupima kasi ya krankshafti. Kila mlipuko huisukuma, na mlipuko usipotokea kasi hupungua kwa muda mfupi kuliko sikio linavyoweza kutambua. Msimbo P0301 hutaja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na P0300 husema misi haikai mahali pamoja. Huu ni uvumbuzi wa kuheshimiwa. Lakini tuone ulichofanya hasa: umechukua nafasi ya vidole vilivyobana ndimi za Model T. Hakuna msimbo kati ya hiyo unaojua kama silinda ya pili imekosa cheche, nozeli yake imeziba, au vali yake imeungua. Tena barabara mbovu huirudishia krankshafti mtikisiko kupitia magurudumu, hata wahandisi wakalazimika kuifundisha kompyuta kutambua mashimo ili isiyahesabu kuwa misi. Na Toyota nyingi za miaka ya 1990, ambazo bado ziko barabarani kwetu, hazitaji silinda kabisa: fundi huunganisha kwa waya tundu la TE1 na E1, akahesabu taa ya injini inavyowaka na kuzima.

Atakayepinga atasema njia ya zamani ni hatari kwa magari ya karibuni, na hapo ana haki. Kuchomoa waya wa plagi kwenye mfumo wa elektroniki wenye makumi ya maelfu ya volti kunaweza kumuumiza fundi na kuua koili, na petroli isiyoungua huenda kuyachoma masega ya kusafisha moshi yaliyo ndani ya ekzosi. Lakini kinachotetewa hapa ni mantiki. Soketi ya nozeli huchomolewa badala ya waya, na jibu huwa lilelile. Mwingine atasema fundi wa kando ya barabara hana muda wala mtaji wa vipimo, na kubadilisha spea ni haraka zaidi. Hoja hii ina uzito, ila inasahau kwamba spea ya kupimia tayari imo ndani ya injini hiyohiyo. Koili ya silinda ya pili huhamishiwa ya tatu bila kulipa hata shilingi, na msimbo ukihama kutoka P0302 kwenda P0303, mkosaji amejulikana. Sharti ni kuhamisha kitu kimoja kwa mara moja. Anayebadilisha koili, plagi na nozeli kwa pamoja huenda akaliponya gari, lakini hatajua ni kitu gani kilicholiponya, na misi ikirudi ataanza upya kwa pesa za mteja.

Kwa hiyo ukipeleka gari lako kuukuu linalomisi, usikubali kununua spea yoyote kabla ya kumuuliza fundi ni silinda ipi, na ni kipimo gani kilichomwonyesha kifaa kilichokufa.